Maswali ya wasomaji: Kutoka Mtwara hadi Cape Town kwa reli

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Kusini, na karibu zote zinauliza habari za kuvuka bara kwa treni. Si ajabu. Mikoa ya Mtwara na Lindi haina treni ya abiria, na mtu ambaye hakukulia karibu na stesheni hana wa kumwelekeza yale mambo madogo yanayoharibu safari kubwa. Pale penye mitego mingi tumejibu kwa urefu. Nauli hatukuziandika kwa makusudi, kwa kuwa hupanda na kushuka. Siku za treni tulizozitaja ni za ratiba iliyozoeleka. Zihakikishe kwa simu kabla hujakata tiketi ya basi.

Nimestaafu na ninataka kwenda Cape Town kwa treni kuanzia Dar es Salaam. Je, ipo treni moja inayofika huko? Nitenge siku ngapi? (Mwalimu mstaafu, Masasi)

Mwalimu, shikamoo. Reli inaungana, ila treni za abiria haziungani. Kutoka stesheni ya TAZARA hadi Cape Town upana wa reli ni milimita 1,067 mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo behewa linaweza kuvutwa njia nzima bila kubadilishwa magurudumu. Wanaofanya hivyo kwa abiria ni Rovos Rail ya Afrika Kusini, treni ya kifahari ya watalii inayotumia kama wiki mbili na kutoka mara chache tu kwa mwaka. Bei yake ni ya watalii matajiri. Abiria wa kawaida huunga vipande, na vipande vingine vya katikati itabidi avimalize kwa basi.

Kipande cha kwanza ni TAZARA yenyewe, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kwa ratiba, treni ya haraka, Mukuba, hutumia karibu siku mbili. Wewe hesabu tatu. Kutoka Kapiri Mposhi unakwenda Lusaka, kisha Livingstone. Shirika la reli la Zambia lina njia yake inayopita huko, lakini treni zake za abiria ni za polepole na hazitoki kila siku, ndiyo maana wasafiri wengi hupanda basi. Livingstone hadi Victoria Falls ni kuvuka daraja tu, lile la chuma lililofunguliwa mwaka 1905, na unaweza kulivuka kwa miguu. Ng'ambo ni Zimbabwe. Treni za abiria za masafa marefu za Zimbabwe zilisimama mwaka 2020 wakati wa korona, kwa hiyo usipange safari kwa kuzitegemea. Panda basi hadi Bulawayo, na jingine hadi Johannesburg kupitia mpaka wa Beitbridge. Johannesburg ndipo unaporudi kwenye reli. Treni ya Shosholoza Meyl hutoka Park Station kwenda Cape Town, takriban kilomita 1,500, ikipita Kimberley, De Aar na Beaufort West. Ikienda vizuri ni zaidi kidogo ya siku moja. Lakini treni hii nayo imekuwa ikisimamishwa na kurejeshwa, na ikiwepo hutoka siku chache tu kwa wiki.

Tenga siku 10 hadi 14 za kwenda peke yake. Muhimu zaidi ya idadi hiyo ni namna ya kupanga. Wengi huanza na siku wanayotaka kuondoka nyumbani. Anza na treni inayotoka mara chache zaidi, kisha hesabu kurudi nyuma. Ukijua treni ya Johannesburg hutoka siku fulani, weka siku mbili za akiba kabla yake, weka moja kabla ya basi la Livingstone, na hapo ndipo uchague TAZARA ya wiki gani ikufae. Na usilipie tiketi ya Cape Town isiyorudishiwa pesa kabla hujafika Lusaka. Ukikosa treni moja inayotoka mara mbili kwa wiki, umepoteza siku tatu au nne, pamoja na fedha za kulala na kula ugenini.

Nafanya biashara na Zambia. Ni lazima niende mpaka Dar ndipo nipande TAZARA? (Mfanyabiashara, Newala)

Si lazima. Tunafurahi umeuliza, kwa sababu watu wa Kusini wengi huzunguka bila sababu. Barabara ya Masasi, Tunduru, Namtumbo, Songea na Njombe ni ya lami, nayo inakutoa Makambako, ambako TAZARA inasimama. Kutoka Mtwara mjini ni karibu kilomita elfu moja. Kwako Newala ni pungufu, kwa kuwa unaingilia Masasi. Gawa safari mara mbili na ulale Songea.

Kwa ratiba iliyozoeleka, Mukuba hutoka Dar Ijumaa alasiri na kufika Makambako asubuhi ya Jumamosi. Ikichelewa, hata mchana. Kwa hiyo uwe umeshalala Makambako usiku wa Ijumaa, maana yake umetoka Newala Alhamisi asubuhi, au Jumatano kama ni masika.

Mtego mmoja ni kitanda. Vitanda vingi huuzwa Dar, na anayepandia njiani huweza kuambiwa viti tu ndivyo vilivyobaki. Mwombe ndugu yako aliyeko Dar akukatie tiketi mapema, akueleze namba ya behewa na ya kitanda, na mhakikishe tiketi inasema kwamba unapandia Makambako. Usipofanya hivyo, kitanda kisichokuwa na mtu tangu Dar huweza kupewa abiria mwingine kabla hujafika.

Unachokosa kwa kupandia Makambako ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako twiga, tembo na nyumbu huonekana dirishani jua likiwa bado halijazama, na ule mpando wa Mlimba hadi Makambako wenye mahandaki na madaraja marefu. Mpando huo mara nyingi hupitwa gizani. Kwa mwenye biashara, Makambako ni bora. Anayekwenda kutalii, tungemshauri aanzie Dar.

Shikamooni. Nitatoka Mikindani kwenda kupanda treni Dar kwa mara ya kwanza. Nimeambiwa Dar kuna stesheni tatu. Niende ipi? (Kijana wa Mikindani)

Marahaba. Ni kweli ziko tofauti, na kila wiki kuna mtu anayekwenda kusimama kwenye stesheni isiyo yake. Treni ya umeme ya SGR, inayokwenda Morogoro na Dodoma tangu 2024, ina stesheni yake kubwa katikati ya jiji. Jirani yake ipo stesheni kongwe ya TRC ya reli ya kati, inayokwenda Tabora, Kigoma na Mwanza. TAZARA haiko huko. Iko kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na ya Mandela, penye daraja la juu la Mfugale. Ukimwambia dereva wa bajaji "stesheni" tu, atakupeleka mjini. Sema "Tazara".

Basi la Kusini likiishia Mbagala au Temeke, uko karibu kuliko ukienda hadi Mbezi. Kabla ya kukata tiketi ya basi, uliza linaishia wapi, kwa sababu kutoka kituo cha Magufuli hadi Tazara ni safari nyingine ndani ya jiji, na foleni ya alasiri haikuhurumii.

Usifike Dar siku ileile ya treni. Basi lililotoka Mtwara alfajiri hufika jioni, na treni itakuwa imeshaondoka. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar eneo la Somanga, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Kuanzia Machi hadi Mei, fika Dar siku mbili kabla.

Jambo la mwisho ni saa. Tiketi huandikwa kwa saa 24. Ukiona 15:50, ondoa 12 upate 3:50 ya mchana kwa hesabu ya kizungu, kisha ondoa 6 tena kwa kuzungusha mshale: ni saa tisa na dakika hamsini alasiri. Anayesoma 15:50 akadhani ni saa tatu usiku atalikuta jukwaa tupu.

Nasafiri na watoto watatu, wa kiume wawili na wa kike mmoja. Daraja lipi litanifaa? (Mama, Lindi mjini)

Mama, chukua chumba kizima cha daraja la kwanza. Chumba hicho kina vitanda vinne, viwili chini na viwili juu, na nyinyi mko wanne. Daraja la pili la kulala lina vitanda sita, vitatu kila upande. Utaratibu wa TAZARA ni kutenganisha wanaume na wanawake vyumbani, isipokuwa chumba kikiwa kimenunuliwa chote na familia moja. Ukikata tiketi nne bila kusema kwamba mnataka chumba kimoja, kijana wako mkubwa anaweza kupangwa na watu asiowajua.

Watoto wadogo walale chini. Kitanda cha juu kina ukingo mfupi, na treni ikifunga breki kwa ghafla usiku mtoto huweza kuporomoka. Mizigo mikubwa ikae chini ya vitanda, na mkoba wa pesa na pasipoti ulale nao wewe mwenyewe. Stesheni za usiku ndipo wezi hupenyeza mkono dirishani, kwa hiyo funga dirisha kila treni inapopunguza mwendo. Madirisha mengine yana kitasa kibovu na hushuka yenyewe. Kijiti kigumu chenye urefu wa shubiri moja, ukikibana kwenye reli ya dirisha, kinatosha kulizuia. Tafuta kijiti hicho nyumbani.

Maji ya bomba huwepo mwanzoni na huweza kuisha katikati ya safari. Hesabu lita tatu za kunywa kwa mtu kwa siku, na dumu la lita 10 la kunawa na chooni. Karatasi za chooni na sabuni beba mwenyewe. Behewa la chakula lipo, wali kuku au ugali samaki, ila treni ikichelewa sana vyakula hupungua. Mkate wa kumimina, korosho za kukaanga, kashata na mayai ya kuchemsha ya siku ya kwanza vitawavusha. Samaki wa kukaanga waleni siku hiyohiyo, wasilale.

Usisahau nguo za baridi. Watu wa pwani hulidharau jambo hili. Treni inapanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,790 pale Uyole, Mbeya, na usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi kali hasa. Sweta na soksi ziwe juu ya begi, si chini.

Kwa nini TAZARA huchelewa kiasi hicho? (Msomaji, Nachingwea)

Njia ni moja. Treni mbili zinazokutana lazima moja isubiri kwenye stesheni yenye njia ya kupishana, na hiyo inayosubiriwa nayo ikichelewa, kuchelewa kunahamia kwa zote. Treni ya mizigo ikiacha reli mahali popote kati ya kilomita hizo 1,860, hakuna pa kupitia hadi iondolewe. Vichwa vya treni vimekuwa vichache, kwa hiyo kikiharibika kimoja huenda kingine kikatoka mbali kuja kusaidia. Mvua nazo humomonyoa tuta, hasa kwenye mteremko kati ya Mlimba na Makambako, na pale ambapo reli au mataruma yamechoka dereva huamriwa apite polepole.

Hilo la kuchoka ndilo linaloshughulikiwa sasa. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa 1976. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini na kampuni ya China, CCECC, mkataba wa miaka 30 wa kuikarabati na kuiendesha, wa dola za Marekani bilioni 1.4. Ni habari njema, lakini kwa msafiri wa leo inamaanisha jambo moja la tahadhari: kazi za ukarabati hufunga njia, na treni ya abiria huweza kusitishwa kwa wiki kadhaa. Piga simu wiki moja kabla, kisha tena siku moja kabla ya kuondoka Mtwara. Simu ya pili ndiyo muhimu.

Mpakani Tunduma mambo yanakuwaje? Na naweza kubeba korosho? (Mjasiriamali, Tandahimba)

Hushuki. Maofisa wa uhamiaji wa Tanzania hupanda treni Tunduma, wakagonga muhuri wa kutoka, na wa Zambia hupanda Nakonde kugonga wa kuingia. Kaa chumbani kwako na pasipoti mkononi. Ikirudishwa, ifungue papo hapo uhakikishe kwamba mihuri yote miwili ipo. Anayeikosa mmoja hujua siku ya kurudi, na hapo maelezo huwa marefu.

Mtanzania haombi viza ya Zambia, Zimbabwe wala Afrika Kusini kwa matembezi mafupi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa tupu za kutosha. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano hata kama hukuambiwa, kwa kuwa huulizwa mara nyingi. Chanjo hukubalika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 hudumu maisha yote, kwa hiyo aliyechanja zamani hahitaji kurudia. Mwenye mtoto asiyekuwa na baba au mama yake safarini abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki.

Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Rudisha mshale mara tu mkitoka Nakonde.

Sasa fedha. Wabadilishaji hupanda treni au huita dirishani. Badilisha kiasi kidogo tu cha kukufikisha Kapiri, hesabu mwenyewe kabla hujatoa shilingi zako, na zitazame noti. Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013, na bado wapo wanaowabambikia wageni noti za kabla ya hapo, zenye sifuri nyingi na thamani ya karatasi tu. Mwaka 2025 Benki Kuu ya Zambia ilitoa noti mpya, zikiwemo za kwacha 200 na 500, na zile za toleo lililotangulia zikapangiwa mwaka mmoja tu wa kutumika pamoja nazo. Pokea za toleo jipya peke yake. Kwa Zimbabwe, beba dola za Marekani katika noti ndogo za 1, 5 na 10, safi, zisizochanika, kwa sababu chenji hupatikana kwa shida.

Kuhusu korosho: kilo mbili tatu za kukaanga, za kula na za zawadi, hazijawahi kuwa tatizo kubwa. Magunia ni biashara, na biashara ina karatasi zake. Utahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya TPHPA, cheti cha uasili wa bidhaa kwa ajili ya unafuu wa ushuru wa SADC, na kutoa tamko forodhani. Mzigo huo upimwe na upelekwe behewa la mizigo, upewe stakabadhi. Ukiujaza chumbani utagombana na wenzako kwanza, kisha na forodha. Korosho ghafi usiziguse kabisa: hizo huuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, na ukikamatwa nazo Tunduma hutapata wa kukutetea.

Treni ikifika Kapiri Mposhi usiku nifanye nini? (Msomaji, Ligula, Mtwara)

Kaa ndani ya stesheni hadi kuche. Nje watakuwepo wapiga debe wakikuambia basi la Lusaka linaondoka sasa hivi, lakini Zambia hairuhusu mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Basi unalokimbizwa kulipanda litakuwa limesimama, na wewe utakuwa nje na mizigo yako gizani. Stesheni ya TAZARA pia si ile ya shirika la reli la Zambia. Ziko kama kilomita mbili mbalimbali, kwa hiyo anayeunga treni kwa treni achukue teksi asubuhi. Kutoka Kapiri hadi Lusaka ni karibu kilomita 200, saa tatu hivi kwa basi.

Nina kisukari na ninatumia insulini. Safari ya siku tatu bila friji inawezekana? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Inawezekana, ila mwone daktari wako kwanza akupangie dozi. Chupa au kalamu iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi za insulini, hukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi mradi joto lisizidi nyuzi 30. Soma karatasi ya dawa yako. Ambazo hazijafunguliwa ndizo zinazotaka friji, nyuzi 2 hadi 8. Kinachoharibu ni dirisha la jua na barafu. Usiiweke juu ya barafu moja kwa moja, maana ikiganda haifai tena. Funga chupa kwenye kitambaa kilicholoanishwa na kukamuliwa, weka mahali penye upepo na kivuli, loanisha tena kila kikikauka. Gawa akiba mara mbili, nusu kwako na nusu kwa mwenzako.

Chukua dozi na chakula cha mara mbili ya siku ulizopanga. Treni iliyosimama porini saa kumi haina duka, na kushuka kwa sukari ni hatari ya haraka kuliko kupanda. Glukosi au sukari iwe mfukoni, si kwenye begi. Barua ya daktari yenye jina la dawa itakusaidia mpakani mtu akiuliza sindano ni za nini.

Kijana wetu anasoma Moscow na anataka kwenda Vladivostok kwa treni likizoni. Tumwambie nini? (Wazazi, Ligula, Mtwara)

Njia hiyo ni ya kilomita 9,289, takriban mara tano ya TAZARA, na anaweza kuimaliza ndani ya treni moja kwa siku sita hadi saba. Kwa uhakika wa ratiba ni rahisi kuliko safari ya Cape Town. Ugumu wake ni mwingine.

Kwanza saa. Vladivostok iko mbele ya Moscow kwa saa saba. Zamani tiketi zote za Urusi ziliandikwa kwa saa ya Moscow. Tangu Agosti 2018 zinaandikwa kwa saa ya mahali. Asifuate ushauri wa zamani unaosambaa mtandaoni. Akishuka njiani, Irkutsk kwa mfano, asome saa iliyoandikwa kwenye tiketi kama saa ya Irkutsk.

Pili kitanda. Behewa la bei nafuu, platskat, ni la wazi na lina vitanda 54. Namba 37 hadi 54 viko kando ya njia ya kupita, vifupi, na watu hukugusa miguu usiku kucha; 37 na 38 viko jirani na choo. Kwa siku sita, alipie chumba cha vitanda vinne, kupe, bajeti ikiruhusu. Namba witiri ni kitanda cha chini, namba shufwa ni cha juu. Cha chini kina sanduku la mizigo chini yake, na hilo linafaa mtu wa safari ndefu.

Kila behewa lina birika kubwa la maji ya moto linalopatikana usiku na mchana bila malipo, kwa hiyo kikombe, majani ya chai, uji wa pakiti na tambi za haraka vinamtosha. Ukutani hubandikwa orodha ya stesheni na dakika za kusimama. Pale panapoandikwa dakika 20 au zaidi ndipo ashuke kununua chakula. Pa dakika mbili asithubutu. Avae koti hata akishuka kwa dakika tano wakati wa baridi. Kati ya Irkutsk na Ulan-Ude, akielekea mashariki, Ziwa Baikal litakuwa kushoto kwake kwa saa kadhaa. Achague treni inayopita hapo mchana.

Fedha: tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko. Mkimtumia pesa kwenye kadi ya benki ya nyumbani hataweza kuitumia. Akate tiketi kwa kadi ya benki ya Urusi, jina liandikwe herufi kwa herufi kama kwenye pasipoti, na tiketi zote azitunze hadi arudi chuoni.

Wazee wanasema kulikuwa na reli Mtwara na Nachingwea. Ilikwenda wapi? Na kwa nini behewa la TRC haliwezi kupita TAZARA? (Mwanafunzi wa ufundi, Mtwara)

Wazee wamesema kweli. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga wa Nachingwea miaka ya mwisho ya 1940, na bandari ya Mtwara ilitokana na mpango huohuo. Mradi wa karanga ulikufa mapema, mzigo wa kuitegemeza reli haukupatikana, ikafungwa 1962 na vyuma vikang'olewa.

Behewa halipiti kwa sababu ya upana. Reli kongwe ya TRC ni milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. TAZARA ilipewa 1,067 ili iungane na Zambia na nchi za kusini mwa Afrika. Milimita 67 zinaonekana ndogo, lakini ukingo wa gurudumu unakaa upande wa ndani wa reli, na tofauti hiyo inatosha kuliangusha. Ndiyo maana Kidatu kuna kituo cha kuhamishia mizigo kutoka mabehewa ya mtandao mmoja kwenda mwingine. Njia nyingine ni kubadilisha magurudumu: mpakani mwa Mongolia na China, ambako reli ya 1,520 hukutana na ya 1,435, behewa la abiria hunyanyuliwa kwa jeki watu wakiwa ndani, seti moja ya magurudumu ikatolewa na nyingine ikaingizwa. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na vyoo hufungwa muda wote huo.